Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeunda jeshi la Sultani

Lloyd William Mathews aliajiriwa na Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar ili amwundie jeshi. Miaka 19 baadaye, jeshi hilo hilo lilisimama dhidi ya Khalid, mtoto wa Barghash.

Mathews alizaliwa Machi 7, 1850 mjini Funchal, katika kisiwa cha Madeira, na mwaka 1863 akajiunga na Jeshi la Majini la Uingereza. Baada ya kupigana vita vya Ashanti, huko Afrika Magharibi, aliletwa Unguja mwaka 1875 na meli ya kivita London, iliyotia nanga bandarini kuyasaka majahazi ya watumwa.

Mwaka 1877 Barghash alimkabidhi kazi ya kuunda kikosi cha mtindo wa Ulaya. Alianza na askari 300 wa Kiafrika; kufikia 1880 walikuwa 1,300. Mwaka uliofuata aliacha utumishi wa majini akiwa luteni tu, lakini kwa Sultani alikuwa brigedia jenerali.

Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, mizani ilibadilika. Oktoba 1891 Mathews alifanywa Waziri wa Kwanza, cheo ambacho Sultani hakuwa na uwezo wa kumvua. Hazina ikatoka mikononi mwa Sultani, naye akawa mtu wa kulipwa posho.

Hamad bin Thuwaini alipofariki Agosti 25, 1896, Khalid bin Barghash aliingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Mathews na askari wake wapatao 900 wakaungana na manowari za Admirali Harry Rawson. Asubuhi ya Agosti 27 mizinga ilinguruma kwa takriban dakika 38. Watu wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, mwenyewe akakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Kiti akapewa Hamoud bin Mohammed.

Aprili 1897 ilitolewa amri ya kuondoa utumwa. Ajabu yake ni kwamba mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru, na aliyelipwa fidia ni bwana wake. Masuria hawakuhusishwa.

Malaria ilimuua Mathews mjini Zanzibar Oktoba 11, 1901, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Masuria walisubiri hadi 1909.