Fundi wa Theluji: Maisha ya Adolphe Kégresse

Katika jarida hili tumezoea kusoma maisha ya washairi, wamisionari waliokusanya kamusi, na walimu walioandika sarufi. Naomba mara hii nafasi kwa fundi wa motokari. Jina lake ni Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyefariki mwaka 1943, na nilifika kwake kwa njia ya neno moja.

Nilikuwa nafuatilia maneno ya mkopo yanayohusu barabara, nikakutana na «katapila». Sisi hapa Kivu tunalitumia kwa mashine kubwa ya kusukuma udongo. Watanzania husema pia tingatinga. Asili yake inajulikana: ni jina la biashara la Marekani, na maana yake ya kwanza ni kiwavi, yule mdudu atembeaye kwa kukunja na kukunjua mwili. Lakini Kifaransa cha miaka ya 1920 kilikuwa na neno lake, «autochenille», yaani motokari-kiwavi, na neno hilo halikutoka Marekani. Lilitajwa kwa ajili ya motokari za Kégresse, ambazo mwaka 1925 zilipita katika nchi yetu hii ya Kongo na kufika hadi pwani ya Waswahili. Neno lile halikubaki katika lugha zetu, wala jina la fundi. Nadhani maisha yake yanatufundisha jambo ambalo jina la biashara limelifunika.

Kégresse alizaliwa mwaka 1879 huko Héricourt, mji mdogo wa mashariki ya Ufaransa, katika mkoa wa Haute-Saône. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Viwanda vya wakati ule viliendeshwa kwa mikanda: injini moja ilizungusha mhimili mrefu juu ya dari, na mikanda mipana ikashuka toka kwenye mhimili huo kwenda kuzungusha kila mashine. Mkanda unaokumbatia magurudumu mawili ni kitu ambacho mtoto wa mji kama huo alikiona kila siku. Tulikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Akiwa kijana, mwanzoni mwa karne ya 20, alihamia Urusi kama fundi mekanika. Motokari zilikuwa bado kitu kigeni, na mtu aliyejua kuzitengeneza aliheshimiwa kama mganga. Tsar Nicholas wa Pili alipenda motokari, akawa na gareji yake mwenyewe, na Kégresse akapewa kazi humo hadi akawa mkuu wa ufundi. Kazi hiyo ilikuwa na tatizo moja lililorudi kila mwaka: theluji.

Msomaji wa Bukavu au Miti ambaye hajaiona theluji isipokuwa pichani, afikirie unga wa muhogo uliomwagwa juu ya nchi nzima mpaka magotini. Motokari hugusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali si papana kuliko kiganja au viganja viwili. Uzito wote wa chuma, injini na abiria unashuka katika viganja hivyo. Juu ya mawe haina shida. Juu ya unga, gurudumu linazama, linazunguka pale pale, linajichimbia kaburi. Kwa hiyo kila majira ya baridi motokari za mfalme zilifungiwa ndani, na farasi na sleji zikarudi barabarani.

Wakati huo matrekta ya minyororo ya chuma yalikuwa yameanza kutumika katika mashamba ya Marekani. Yalikuwa na nguvu, lakini yalikuwa mazito sana, ya polepole, yenye kelele, na yaliharibu kila barabara yaliyopita. Hayakufaa kubeba watu kwa mwendo wa motokari. Kégresse alishika njia nyingine, akarudi kwenye mkanda. Aliondoa magurudumu ya nyuma, akaweka mahali pake mkanda mpana, laini, unaopinda, usio na viungo vya chuma, unaozungushwa na gurudumu moja na kukandamizwa chini na magurudumu madogo kadhaa. Kifaa chote aliking'ang'aniza katika egemeo moja, ili kiweze kuinama na kuinuka kufuatana na mashimo ya ardhi. Mbele aliacha magurudumu ya kawaida ya kuongozea, na palipokuwa na theluji nyingi yalifungwa mbao ndefu za kuteleza.

Wazo lenyewe kila mtu wa kwetu analijua. Anayetaka kuvuka tope akiwa na gunia kichwani hutandika ubao. Uzito wake haupungui, ila umegawanywa juu ya sehemu kubwa, na tope linambeba. Mkanda wa Kégresse ni ubao unaojitandika wenyewe mbele, unapitwa, kisha unajikunja nyuma na kurudi mbele tena. Hakujaribu kuishinda theluji kwa nguvu. Aliiuliza inaweza kubeba kiasi gani, akatengeneza mashine inayokubali jibu hilo.

Alifanya majaribio kwa miaka, akipata hati ya kulinda uvumbuzi wake kabla ya vita vya 1914. Motokari za mfalme, zikiwemo za aina ya Packard, zilivishwa mikanda yake. Vita vilipokuja, jeshi la Urusi likaona kwamba kinachopita juu ya theluji kinapita pia juu ya mashamba yaliyolowa, na mikanda ikawekwa chini ya magari ya deraya. Mwaka 1917 mapinduzi yakamwondoa Tsar, na Kégresse akaondoka Urusi akarudi kwao. Uvumbuzi wake haukuondoka naye wote. Kiwanda cha Putilov, katika mji wa Petrograd, kiliendelea kutengeneza magari ya deraya ya namna yake, na Lenin mwenyewe alipanda Rolls-Royce yenye mikanda ya Kégresse nyuma na mbao za kuteleza mbele. Gari hilo limehifadhiwa mpaka leo huko Gorki, karibu na Moscow, katika nyumba alimofia Lenin. Mashine moja ilimtumikia mfalme, kisha ikamtumikia yule aliyeuangusha ufalme. Theluji haikujua tofauti yao.

Ufaransa, Kégresse alikutana na Jacques Hinstin, mwenye viwanda, na kupitia kwake akafika kwa André Citroën. Citroën alikuwa mtu wa kuuza: alijua kwamba watu hawanunui mkanda wa mpira, wananunua hadithi. Mwaka 1921 wakaanza kazi pamoja, na theluji ikabadilishwa kwa mchanga. Mnamo Desemba 1922 motokari tano ziliondoka Touggourt, Algeria, zikavuka Sahara, na mwanzoni mwa Januari 1923 zikaingia Timbuktu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa motokari kuvuka jangwa lile. Waliosifiwa walikuwa Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, viongozi wa msafara, na Citroën aliyelipa. Fundi hakuwa ndani ya motokari.

Safari iliyofuata ndiyo inayotuhusu. Tarehe 28 Oktoba 1924 motokari-kiwavi nane ziliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Haardt na Audouin-Dubreuil, kuelekea kusini na mashariki. Kila moja ilikuwa na jina na alama yake, na ile ya Haardt iliitwa Mende wa Dhahabu. Kila moja ilivuta tela. Zilikuwa nyumba zinazotembea: mahema, vitanda, vyombo vya kupikia, maji, vipuri, kamera za filamu za Léon Poirier na rangi za mchoraji Alexandre Iacovleff, vyote juu ya mikanda ya mpira. Msafara ulipita ziwa Chad, ukashuka hadi Bangui, ukaingia Kongo ya Wabelgiji, ukapita misitu ya kaskazini-mashariki na nchi ya Wamangbetu, kisha Uganda. Kampala walijigawa makundi manne. Kundi la Audouin-Dubreuil lilishika njia ya Mombasa, la Bettembourg likaenda Dar es Salaam, la Haardt likaelekea Msumbiji, na la Brull likashuka mpaka Cape Town. Katikati ya mwaka 1925 makundi matatu ya kwanza yalikutana Madagaska.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo simulizi za Ulaya hupita haraka. Msitu wa Kongo haukuvukwa na mkanda. Msitu si theluji wala mchanga: una miti, mizizi, mito, na mvua inayogeuza udongo kuwa sabuni. Mkanda wa mpira unaozungushwa kwa msuguano huteleza ukilowa. Ili motokari zipite, serikali ya kikoloni iliwatoa watu wa vijiji wakakata miti, wakajaza mashimo, wakatengeneza madaraja. Katika Kongo ya wakati ule kazi ya barabara haikuwa ya hiari. Kwa hiyo mashine iliyosifiwa kwamba haihitaji barabara ilipita kwetu juu ya barabara iliyochimbwa kwa mikono, na mikono hiyo haina jina hata moja katika hadithi. Jina la Kimangbetu lililobaki ni la mwanamke, Nobosudru, kwa sababu picha ya uso wake ilipendeza Paris, ikawa tangazo la filamu na pambo la motokari.

Naandika haya nikiwa Miti, mahali ambapo barabara ya kutoka Bukavu inagawanyika. Mkono mmoja unaendelea Kavumu na Kalehe kufuata ziwa. Mkono mwingine unapanda Kahuzi-Biega, unashuka Bunyakiri na Hombo, unakwenda Walikale, na kwenye karatasi unafika Kisangani, ambayo zamani ilikuwa Stanleyville. Katika majira ya mvua lori lililoelekea huko laweza kulala siku nyingi katika shimo moja, na vijana wa kijiji wakalitoa kwa majembe, kwa matawi na kwa mbao. Nikisoma maisha ya Kégresse naona kwamba vijana hao wanafanya kazi ileile aliyoifanya yeye. Wanatafuta namna ya kugawanya uzito. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuandika wazo lake katika hati yenye muhuri.

Na hata yeye matope yalimshinda. Mwaka 1934 tajiri mmoja, Charles Bedaux, alichukua motokari-kiwavi tano za Citroën kwenda milima ya British Columbia, Kanada. Mvua haikukoma. Motokari zilizama, zikaharibika, zikaachwa, na watu wakaendelea kwa farasi. Lakini katika miaka hiyohiyo Admeri Richard Byrd wa Marekani alipeleka motokari za namna hiyo Antaktika, na huko, juu ya theluji walikozaliwa mababu zake, zilifanya kazi. Kifaa hukumbuka ardhi kilipozaliwa.

Miaka ya mwisho ya Kégresse ilikuwa ya kimya. Haardt alifariki Hong Kong mwaka 1932, mwishoni mwa safari ya tatu iliyovuka Asia. Kampuni ya Citroën ilifilisika mwaka 1934, ikachukuliwa na Michelin, na mwenyewe Citroën akafa mwaka uliofuata. Safari za fahari zikaisha. Kégresse hakuacha kazi. Alitengeneza gia yenye klachi mbili inayobadilika bila mkono wa dereva, wazo lililongoja miongo mingi kabla viwanda vya motokari havijaliuza kama jambo jipya. Huko Marekani jeshi lilikuwa limenunua motokari zake ili kuzichunguza, na kutokana na uchunguzi huo yakazaliwa magari ya nusu-mikanda yaliyobeba askari katika Vita Kuu ya Pili. Kégresse hakuishi kuuona mwisho wa vita hivyo. Alifariki mwaka 1943 huko Croissy-sur-Seine, karibu na Paris, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna desturi ya kumtafuta mtu katika maneno yake. Kégresse tunamsoma katika vitu: mkanda, egemeo, gia. Navyo vina sarufi. Kila kifaa chake kinaanza na swali moja kuhusu kile kilicho chini yake, kabla ya swali lolote kuhusu nguvu ya injini. Barabara zetu hutengenezwa mara nyingi kwa mpango uliopimwa kwenye udongo wa mahali pengine, kisha mvua ya kwanza inauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kuhusu majina, lugha hurithi kwa mwenye nguvu ya kuuza. Tuna «katapila» kwa sababu kampuni iliuza mashine nyingi, na mashine zilikuja na jina lao kama mzigo unaokuja na lebo yake. Hatuna neno lililotoka kwa fundi wa Héricourt, na hatuna hata moja lililotoka kwa waliokata msitu mbele ya motokari zake. Neno la pili ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa kuwa hilo lilikuwa la kutengenezwa na sisi. Mwenzangu atakayechagua mada ya tasnifu mwaka huu, aende kwa wazee wa njia ya Buta au ya Niangara, akaulize barabara ile iliitwaje na walioichimba. Kazi hiyo ni ya fakulte yetu, na wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka.