Philip Miller: Mtunza bustani aliyeishi kwa kubadilishana mbegu

Vinka, kile kichaka kifupi cha maua meupe au ya waridi kinachopandwa mbele ya nyumba nyingi, asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Mmoja wa waliokisambaza Ulaya ni Mwingereza Philip Miller.

Miller alizaliwa mwaka 1691. Baba yake alilima mboga za kuuza London, na yeye mwenyewe alianza na biashara ndogo ya miche ya maua. Mwaka 1722 aliajiriwa kuendesha bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, mali ya chama cha wauza dawa wa London. Alikaa hapo karibu miaka 50.

Mtaji wake mkubwa ulikuwa barua. Alituma mbegu kwa watunza bustani wa nchi nyingine, nao wakamtumia za kwao. Ndivyo alivyopata vinka: Richard, mtunza bustani wa mfalme wa Ufaransa kule Trianon, alimgawia mbegu zilizotoka Madagaska. Mimea ya nchi za joto aliikuza ndani ya nyumba za vioo, vyungu vikiwa vimefukiwa kwenye magome yaliyotumiwa na watengenezaji ngozi. Magome hayo yakichacha hutoa joto kwa muda mrefu. Taka ya kiwanda kimoja ikawa pembejeo ya mwingine.

Aliyojifunza aliyaandika katika kamusi ya bustani iliyotoka mwaka 1731. Hadi mwaka 1768 ilikuwa imefikia toleo la nane.

Miller hakujua thamani halisi ya vinka. Mwaka 1958 watafiti wa Kanada walitangaza dawa ya saratani waliyoipata kwenye majani yake, majani yaliyotoka Jamaica, si Madagaska. Kwa mtazamo wangu wa kiuchumi, hapo ndipo kisiwa chenye mmea kilipoachwa nyuma: mbegu zilishatoka bure karne mbili kabla. (Msomaji asiyachume kujitibu, majani hayo ni sumu, kwa watu na kwa mifugo.)

Uzeeni Miller aligombana na waajiri wake. Walitaka mimea yote ihesabiwe na kuorodheshwa. Yeye, aliyekuwa nayo kichwani, hakutoa ushirikiano. Akalazimika kuacha kazi akikaribia miaka 80. Alifariki Desemba 1771, akazikwa palepale Chelsea.