Dk Halim: Daktari aliyesaidia kuizaa Caf

UKIITAZAMA Afcon ya leo yenye timu 24, ni ngumu kuamini kwamba ile ya kwanza ilikuwa na timu tatu na mechi mbili tu. Miongoni mwa vichwa vilivyoiasisi alikuwamo daktari wa binadamu kutoka Sudan, Abdel Halim Mohamed, maarufu kama Dk Halim.

Alizaliwa Omdurman mwaka 1910, Waingereza wakiwa ndio wenye nchi. Alisoma Gordon Memorial College, Khartoum, kisha akaingia Kitchener, shule ya udaktari iliyofunguliwa 1924. Mwaka 1948 akawa Msudan wa kwanza kupata uanachama wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London.

Angeweza kubaki ughaibuni akala maisha. Yeye alirudi kutibu watu wake Khartoum.

Shule yake hakuisahau. Mwaka 1946 yeye na rafiki yake Mohamed Ahmed Mahjoub, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, walitoa kitabu cha kumbukumbu za ujana na usomi wao. Shule zile mbili za Halim ndizo zilizokuja kuungana na kuzaa Chuo Kikuu cha Khartoum.

Sudan ilipata uhuru Januari 1956. Juni mwaka huohuo Dk Halim alikuwa Lisbon, Ureno, kwenye mkutano wa Fifa. Huko wajumbe wa Misri, Sudan na Afrika Kusini walikaa chini wakakubaliana Afrika iwe na shirikisho lake. Februari 1957 Caf ikazaliwa rasmi Khartoum, Ethiopia ikiwa mwanachama wa nne.

Hapo ndipo mtihani ulipokuja. Mashindano yalipangwa kuanza siku chache baadaye, lakini Afrika Kusini ilitaka kuleta timu ya weupe watupu au ya weusi watupu. Mchanganyiko haikutaka hata kuusikia.

Kwa shirikisho lililozaliwa juzi, lenye wanachama wanne tu, kumkosa mmoja lilikuwa pigo. Kufumba macho ingekuwa rahisi. Waasisi waligoma na Afrika Kusini ikakatwa. Ethiopia iliyokuwa icheze nayo ikapita bila jasho hadi fainali, ikaenda kupigwa 4-0 na Misri, mabao yote ya Ad-Diba. Sudan ilikuwa imetolewa na Misri hiyohiyo kwa 2-1.

Daktari huyu hakuwa wa soka peke yake. Baada ya utawala wa kijeshi kuangushwa mwaka 1964, aliingia kwenye Baraza Kuu la watu watano lililoshika nafasi ya mkuu wa nchi.

Mwaka 1968 akachaguliwa Rais wa Caf. Chini yake Afcon ya 1970 ilirudi Khartoum, na safari hii wenyeji walilipa kisasi. Waliichapa Misri 2-1 katika nusu fainali iliyokwenda dakika za nyongeza, kisha wakaifunga Ghana 1-0 kwenye fainali. Mpaka leo hilo ndilo kombe pekee la Afcon la Sudan. Mwaka huohuo Morocco ilikwenda Kombe la Dunia Mexico kwa nafasi ya moja kwa moja ya Afrika, bila mchujo na mabara mengine.

Mwaka 1972 alimwachia kiti Ydnekatchew Tessema wa Ethiopia. Tessema alipofariki 1987 akiwa madarakani, Caf ilimrudia mzee wake. Dk Halim, akiwa na miaka 77, alishika usukani hadi 1988 alipochaguliwa Issa Hayatou.

Alifariki 2009, akiwa amebakiza kidogo tu kutimiza karne. Alikuwa ameishi vya kutosha kuiona Afrika Kusini ikibeba ubingwa wa Afrika mwaka 1996, weusi na weupe wakiwa kwenye kikosi kimoja, jambo lililoshindikana Khartoum miaka 39 nyuma.