Mchoraji wa Mwezi ana funzo kwa walimu wetu

Aghalabu tunapowasimulia wanafunzi habari za elimu ya falaki, sisi walimu hutaja majina matatu manne tu: Copernicus, Galileo, Newton, kisha kengele ikalia. Jina la Johannes Hevelius, linaloheshimiwa sana na wanafalaki wote, ni nadra kusikika katika madarasa yetu. Nionavyo mimi, hilo ni pengo. Maisha ya bwana huyu yana funzo ambalo mwalimu hawezi kulipata katika maisha ya wale wengine, nalo lahusu thamani ya masomo ya mikono ambayo sisi tumezoea kuyadharau.

Hevelius alizaliwa tarehe 28 Januari 1611 katika mji wa bandari wa Danzig, ambao leo huitwa Gdańsk, nchini Poland. Jamaa zake walikuwa matajiri waliotengeneza na kuuza bia, na ilitarajiwa kwamba kijana huyo angeirithi kazi hiyo. Darubini wakati huo ilikuwa kitu kigeni. Mwaka wa 1609 Mwingereza Thomas Harriot aliielekeza yake kwenye Mwezi na kuchora alichokiona. Miezi michache baadaye Galileo alifanya vivyo hivyo huko Italia, na mwaka wa 1610 akachapisha michoro yake. Ulimwengu ukapata kujua kwamba uso wa Mwezi si laini kama kioo, bali una milima na mabonde. Hata hivyo, hiyo ilikuwa michoro michache tu. Ramani kamili ilikuwa bado haijapatikana.

Katika shule ya mji wa Danzig palikuwa na mwalimu wa hisabati aitwaye Peter Krüger. Mwalimu huyu alimfunza Hevelius hesabu na falaki, lakini hakukomea hapo. Alimhimiza pia ajifunze kuchora, kunakshi picha kwenye mabamba ya shaba, na kuunda vifaa vya mbao na vya madini kwa mikono yake mwenyewe. Huenda wazazi wengi wa zama zetu wangelalamika kwamba mwalimu anampotezea mtoto wakati. Mtoto wa tajiri ana haja gani na patasi?

Mwaka wa 1630 kijana alipelekwa Leiden, Uholanzi, kusomea sheria. Alizuru London na Paris, akarejea nyumbani mwaka wa 1634, akaoa mwaka uliofuata, na kujitosa katika biashara ya bia. Nyota akazisahau. Mwaka wa 1639 Krüger alikuwa mgonjwa mahututi. Alimsihi mwanafunzi wake wa zamani asiache kipawa chake kipotee bure, na amfanyie kazi ya kuangalia kupatwa kwa Jua ambako yeye mwenyewe hangeweza kukushughulikia. Tarehe 1 Juni mwaka huo Hevelius aliutazama mkasa huo wa mbinguni. Mwalimu akafariki, lakini wasia wake haukufariki.

Tangu hapo Hevelius hakugeuka nyuma. Alijenga kituo cha kuangalia nyota juu ya mapaa ya nyumba zake, akasugua lenzi zake mwenyewe, na kwa muda wa miaka kadhaa akawa anauchungulia Mwezi kila usiku mbingu zilipokuwa wazi. Asubuhi yake alichora kwenye shaba yale aliyoyaona usiku.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini miaka, ilhali Mwezi ni ule ule? Jibu ni vivuli. Mwezi unapokuwa mpevu, Jua huumulika kutoka upande tulipo sisi, na vivuli vya milima hatuvioni. Milima hiyo huonekana vyema karibu na mstari unaotenga sehemu yenye mwanga na sehemu yenye giza, kwa sababu hapo mwanga huja kwa mlalo na vivuli huwa virefu. Mstari huo husogea kila siku. Basi ilimpasa Hevelius achore kipande baada ya kipande, usiku baada ya usiku, kisha aviunganishe vyote. Isitoshe, Mwezi hutuonyesha uso mmoja, lakini huyumba kidogo kama mtu atikisaye kichwa, hivi kwamba kingo zake hufichuka na kufichika. Hevelius aliuchunguza sana myumbo huo, na katika ramani zake akachora duara mbili zilizopandana ili kuuonyesha.

Kitabu chake, Selenographia, kilitoka mwaka wa 1647 kwa gharama yake mwenyewe. Kilikuwa na michoro ipatayo 40 ya Mwezi katika hatua zake za kukua na kupungua, pamoja na ramani kubwa za Mwezi mpevu. Miaka miwili kabla yake Michael van Langren alikuwa ametoa ramani yenye majina, lakini hakuna kazi iliyoweza kushindana na hii kwa ukamilifu. Mikono iliyoichonga ni ile ile iliyofunzwa na Krüger. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Hesabu pekee haingetosha kuitoa kazi hii.

Sisemi kwamba mtu huyu hakuwa na kasoro. Ukaidi wake ulijulikana. Alipokuwa akipima mahali pa nyota alikataa katakata kutia lenzi kwenye vifaa vyake vya kupimia, akitegemea macho matupu. Mwaka wa 1674 Robert Hooke wa London alimshambulia hadharani kwa sababu hiyo. Mwaka wa 1679 kijana Edmond Halley alisafiri hadi Danzig, akapima nyota pamoja naye kwa muda wa miezi miwili hivi, na kukiri kwamba vipimo vya mzee vilikuwa sahihi ajabu. Hata hivyo, njia ya Hooke ndiyo iliyoshinda hatimaye. Macho ya Hevelius yalikuwa ya pekee, na elimu haiwezi kujengwa juu ya macho ya mtu mmoja.

Tarehe 26 Septemba mwaka huo huo wa 1679, moto uliteketeza nyumba zake, vifaa vyake, mtambo wake wa kuchapia na vitabu vingi. Alikuwa na umri wa miaka 68. Wengi wangeketi na kulia. Yeye alijenga upya na kuendelea kupima. Kundi moja la nyota alilolibuni alilipa jina la Sekstanti, kwa ukumbusho wa kifaa kilichoteketea. Alifariki tarehe 28 Januari 1687, siku aliyotimiza miaka 76. Mke wake wa pili, Elisabeth Koopmann, aliyezaliwa mwaka ule ule wa Selenographia na ambaye alikuwa mshirika wake katika kupima nyota, aliikamilisha kazi na kuichapisha mwaka wa 1690: orodha ya nyota zaidi ya 1,500. Wanafunzi wetu wa kike wanastahili kulijua jina hilo pia.

Na majina aliyouwekea Mwezi? Mengi yalipotea. Alikwepa kutumia majina ya watu, akachukua ya milima na bahari za duniani. Mwaka wa 1651 Giovanni Riccioli, akitumia ramani iliyochorwa na Francesco Grimaldi, alitoa majina mengine, na hayo ndiyo tunayotumia leo, pamoja na Bahari ya Utulivu walikotua Wamarekani mwaka wa 1969. Ya Hevelius yamesalia machache, kama vile Alpi na Apenini. Lakini njia yake ya kuchora haikupotea. Hata katika miaka ya 1960, wakati kamera zilikuwa zimekwisha kuenea, Marekani iliajiri wachoraji wautazame Mwezi kwa darubini na kutengeneza ramani kwa mkono, kwa kuwa jicho lililozoea liliweza kuona mambo madogo ambayo picha iliyavuruga.

Sasa nirudi kwetu. Nimefunza kwa miaka mingi, na nimeona mara nyingi kipindi cha sanaa kikimezwa na kipindi cha hesabu kwa sababu tu sanaa haitahiniwi. Nimeona michoro ya sayansi ikinakiliwa kutoka ubaoni, ubao nao ukiwa umenakiliwa kutoka kitabuni, wala hapana hata mmoja aliyelitazama jani lenyewe. Mitaala imebadilika na majina yake yamebadilika, lakini mazoea haya ni sugu. Mwanafunzi anayenakili mchoro hujifunza mkono wa mwingine. Anayechora kile alichokiona hulazimika kujiuliza: je, kivuli hiki kiko hapa au pale? Swali hilo ndilo mwanzo wa sayansi.

Wala hatuna kisingizio cha umaskini. Mwezi hautozi karo. Penseli, karatasi na usiku usio na mawingu vyatosha. Mwalimu na awaambie wanafunzi wachore Mwezi kwa siku kumi na nne mfululizo, tangu uandamapo hadi upevukapo, kila mmoja kwa jicho lake, kisha walinganishe michoro darasani na kuihojiana. Siku hizo hazitakuwa zimepotea.

Kwenye ukingo wa magharibi wa Mwezi lipo shimo kubwa la duara lenye jina la Hevelius. Kusini mwake lipo jingine dogo zaidi, na hilo lina jina la Peter Krüger, mwalimu wake. Sijui mwalimu gani aliyewahi kupata mshahara mkubwa kuliko huo.