Sokoine na Mizani ya Usalama

Wananchi wa Sumbawanga na Ufipa nzima, mnaokaa kati ya Ziwa Tanganyika na mpaka wa Zambia, mwajua thamani ya usalama. Basi mgombea Ubunge ajapo kujisifu kuwa mlinzi wa nchi, mpimeni kwa sheria alizozipitisha. Marehemu Edward Moringe Sokoine ni mfano wa kujifunzia.

Alizaliwa Monduli mwaka 1938, akaingia Bungeni mwaka 1965. Tangu 1972 hadi 1977 alikuwa Waziri wa Ulinzi. Naye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, yakafukuzwa. Sifa hiyo haina ubishi.

Mwaka 1983, akiwa Waziri Mkuu tena, aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa Machi. Sheria ilipitishwa baadaye, ikarudi nyuma kuwashika, bila dhamana wala wakili. Nia ilikuwa njema, lakini asiye na hatia alikosa pa kujitetea sawasawa. Sokoine alifariki Dakawa tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria nyingine, kesi zikarudi Mahakama Kuu.

Basi kila mgombea aulizwe: je, atalinda mpaka pamoja na haki ya mkulima? Alindaye kimoja tu hajalinda nchi.