Ezana wa Aksum: Mfalme, Msalaba na Lugha

Mtaani Eastleigh, Nairobi, mikahawa ya Wahabeshi huandika mabango kwa hati ya Kige'ez. Alama za irabu za hati hiyo zilianza kuonekana katika karne ya 4, zama za Ezana, mfalme wa Aksum, dola iliyotawala sehemu za Ethiopia na Eritrea za leo.

Ezana alirithi kiti akingali mtoto. Mamaye alishika hatamu za utawala kwa msaada wa Frumentius, kijana wa Tiro aliyetekwa baada ya wasafiri wenzake kuuawa pwani ya Bahari ya Shamu, kisha akaingizwa katika utumishi wa jumba la kifalme. Mwanamfalme alipokomaa, Frumentius alikwenda Aleksandria kuomba askofu. Patriaki Athanasius akamweka wakfu yeye mwenyewe.

Mabadiliko yaliyofuata yalichongwa kwenye mawe na kupigwa kwenye sarafu. Maandishi ya awali ya Ezana yanamtaja Mahrem, mungu wa vita, kuwa mzazi wake. Sarafu zake za mwanzo zina hilali na duara, ilhali za baadaye zina msalaba, nazo ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kubeba alama hiyo. Kama Ashoka wa India, aliyeeneza mafundisho ya Kibudha kwa nguzo na miamba katika karne ya 3 K.K., Ezana alitangaza imani kwa sanaa ya dola.

Hata hivyo, alitangaza kwa tahadhari. Kuhusu vita vyake dhidi ya Wanoba, maandishi ya Kigiriki, lugha ya wafanyabiashara wa ng'ambo, yanautaja Utatu waziwazi. Yale ya Kige'ez, lugha ya raia, yanamshukuru Bwana wa Mbingu tu, jina ambalo hata wafuasi wa dini ya jadi wangeweza kulipokea bila kinyongo.

Tahadhari hiyo haikumkinga na migogoro ya nje. Mnamo 356 hivi, Kaisari Constantius II alimwandikia akitaka Frumentius arejeshwe Aleksandria kuchunguzwa imani yake. Kanisa la Ethiopia lingali linamwenzi askofu huyo kwa jina la Abba Selama.

Vijijini, imani hiyo ilisubiri watawa wa mwishoni mwa karne ya 5 ili istawi. Ni dhahiri basi kwamba mfalme aliweza kufungua mlango, lakini kuwaingiza watu kulihitaji walimu waliokaa miongoni mwao.