PHILIP GOSSE, MTU ALIYELETA BAHARI NDANI YA NYUMBA



Muhula uliopita sisi wa mwaka wa sita tulitia samaki wadogo wanne wa mto ndani ya bokali ya kioo, tukaiweka dirishani kusudi wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wawatazame. Kesho yake wawili walikuwa wamekufa, na kesho kutwa wote. Tuliona haya, kwa maana sisi ndio wakubwa. Wengine walisema ni njaa. Hapana, walikosa hewa ndani ya maji. Shida hii hii ilimhangaisha mtu mmoja wa zamani, tena kwa maji ya chumvi, ambayo ni kazi ngumu zaidi. Ndiyo sababu tunaandika maisha yake hapa.

Philip Henry Gosse alizaliwa Worcester, Uingereza, tarehe 6 Aprili 1810, akakulia Poole, mji wa bandari. Baba yake alichora picha ndogo za watu, akizunguka miji kutafuta kazi, na feza nyumbani ilikuwa kidogo. Shangazi yake ndiye alimfundisha kutazama wadudu na wanyama wa pwani. Universite hakufika. Mwaka 1827, akiwa na miaka 17, alivuka bahari kwenda Newfoundland kuwa karani. Mwaka 1835 alijaribu kulima Kanada, shamba likamshinda. Mwaka 1838 akawa mwalimu kule Alabama, Marekani, akaona mateso ya watumwa na kuchukizwa sana. Kisha alikaa Jamaika tangu 1844 mpaka 1846 kusoma habari za ndege. Popote alipokwenda, aliandika na kuchora yale aliyoyaona kwa macho yake.

Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, na mwaka 1849 wakazaa mtoto mmoja, Edmund. Mwaka 1852 afya yake ilikuwa zaifu, basi wakaenda kukaa pwani ya Devon. Pale, maji yakipwa, aliingia kati ya mawe na kuokota anemoni wa bahari, yaani wanyama laini wanaofanana na maua. Lakini namna gani kuwaweka hai nyumbani?

Gosse hakuwa peke yake katika kazi hii. London, tangu 1846, Bibi Anna Thynne aliweka wanyama wa bahari hai kwa kumiminaminia maji yao yapate hewa. Na mwaka 1850 Robert Warington, mtu wa kemia, alionyesha kwamba samaki na majani wanasaidiana. Mnyama anavuta oksijeni na kutoa hewa ya kaboni. Jani, likipata mwanga, linachukua ile kaboni na kurudisha oksijeni. Gosse alifanya vile kwa mwani, ndio majani ya bahari, na wanyama wake wakaishi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza ya watu wote, na Gosse alikuwa mmoja wa waliokusanya wanyama wake. Mwaka 1854 alitoa kitabu juu ya akwariomu, na jina hilo likaenea.

Wale wanaokaa mbali na bahari, sawa sisi wa Niemba, watauliza: maji ya chumvi tutoe wapi? Gosse alijibu kwa kazi. Alichanganya chumvi ya kupikia, chumvi ya Epsom, na chumvi za magnezi na potasi ndani ya maji matamu. Alitia mwani kwanza, akangoja, ndipo akatia wanyama. Anayeanza leo ashike hayo: asiwe na haraka, aweke wanyama wachache, atoe upesi aliyekufa kabla hajaoza, asiache jua kali lipashe maji. Na maji yakipungua kwa joto, aongeze maji matamu tu, kwa maana maji yanapanda hewani lakini chumvi inabaki.

Mwaka 1857 ulikuwa mchungu kwake. Emily alikufa kwa kansa. Mwaka ule ule Gosse, aliyeshika Biblia kwa nguvu, alitoa kitabu cha kusema kwamba Mungu aliumba dunia ikiwa na alama za uzee tayari. Wenye elimu walikikataa, na wengi wa waamini vilevile.

Huzuni nyingine ilimfuata. Watu walikuwa wamesoma vitabu vyake, na kila nyumba ya wenye feza ilitaka sanduku la kioo. Walishuka pwani na nyundo na vikapu, wakang'oa kila kitu. Mwanawe Edmund aliandika mwaka 1907 kwamba yale mabwawa mazuri ya kati ya mawe yaliharibiwa, na kwamba baba yake aliona uchungu kujua kwamba yeye mwenyewe alifungua njia. Gosse alikufa tarehe 23 Agosti 1888.

Ndugu, jambo hili si la Uingereza tu. Leo samaki wa rangi wa ziwa letu Tanganyika wanakaa hai katika masanduku ya kioo ya Ulaya na Marekani, na wengi wao hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Kupenda kitu hakutoshi. Gosse alipenda wanyama wale sana, na bado pwani yao iliharibika, kwa sababu kila mtu alichukua na hakuna aliyehesabu.

Sisi tumeanza tena na bokali ile. Safari hii tumetia majani kwanza, na samaki ni mmoja. Wadogo zetu, njoni mtazame, lakini msimwongezee wenzake.